Riwaya ya mapenzi na taharuki inapokukata stimu

Ukimaliza riwaya ya mapenzi yenye taharuki ukabaki na hasira, mara nyingi tatizo ni muuaji. Anaibuka sura mbili za mwisho, mtu ambaye hatujamwona hata akinywa chai. Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, aliliandika hili tangu 1929: mhalifu atajwe mapema. Msomaji anataka akirudi nyuma akute dalili zilikuwepo, yeye ndiye aliyezipita.

Halafu wapenzi wenyewe. Jamaa anaficha siri kurasa mia mbili, siri ambayo ingeisha kwa maneno mawili mezani. Hapo tunacheleweshwa tu. Siri yenye uzito ina gharama: akiitoa, mtu anafungwa au anakufa. Na dada wa watu, eti mpelelezi mzoefu, anatumiwa ujumbe wa vitisho saa sita usiku, anakwenda godauni peke yake, simu ina chaji asilimia nne! Mwandishi alitaka atekwe, basi akamnyang'anya akili.

Kipimo changu: ondoa mapenzi kwenye kisa. Kesi ikitatuliwa vilevile, ujue hizo ni hadithi mbili zilizogandishwa kwa gundi, na lile busu katikati ya risasi litakuchekesha tu.