Chuma cha dola 189 na mzee wa Tucumcari

Leo asubuhi duka limenijibu: hela ya chuma nilichonunua cha kurefushia kiungio cha kuvutia gari hairudi, kwa sababu "kimeshatumika". Dola 189. Ndiyo, kimetumika, kilometa 180 tu, na kimepinda. Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, acha niandike.

Wanaonifahamu wanajua naishi kwenye pikapu. Mimi ni nesi wa mikataba, wiki 13 hospitali hii, wiki 13 mji mwingine. Kupanga nyumba ya miezi mitatu huku Marekani ni kumkabidhi mwenye nyumba mshahara wako, kwa hiyo mwaka jana nilinunua kijumba kinachopakiwa kwenye bodi ya pikapu. Kina kitanda, jiko la gesi, choo na friji ndogo. Ila ni kirefu, hakiingii kwenye maegesho ya ghorofa ya hospitali, na kukishusha kwa jeki zake kila unapotaka kwenda kazini ni adhabu. Ndiyo maana wengi wenye vijumba hivi huvuta gari dogo nyuma. Langu ni Jeep Wrangler la zamani. Ile gia yake ya foo-wili ukiiweka fri, matairi yote manne yanajizungukia barabarani bila kuzungusha giaboksi. Kama unafikiria kufanya hivi, soma kwanza kitabu cha gari lako, maana otomatiki nyingi ukizivuta namna hii giaboksi inakufa njiani.

Sasa kijumba kimetokeza nyuma ya bampa zaidi ya futi 3, na kiungio cha tela kimejificha huko chini kivulini. Huwezi kufunga gari hapo mpaka uweke ekstensheni. Siyo ya umeme. Ni bomba nene la mraba linaloingia kwenye tundu la kiungio, unalipigia pini, halafu mwisho wake ndipo unafunga chuma cha kuvutia gari. Nikaenda dukani Amarillo, Texas, nikaomba ya inchi 42. Kijana akapitisha kwenye mashine, akanipa risiti. Hakuniuliza navuta nini.

Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Nenda Gerezani, Dar, kamwambie fundi akuchomelee chuma cha kuvutia gari. Kabla hajashika kalamu atauliza: gari gani, mzigo gani, unaelekea wapi? Ukimwambia Iringa atakukumbusha mlima wa Kitonga, na ataongeza unene wa bomba hata kama ulikuja na hela ya bomba jembamba. Wengi hawana cheti hata kimoja ukutani. Lakini wanauliza.

Kiungio changu kimeandikwa kinavuta uzito wa paundi 5,000. Nikajiambia Jeep langu ni paundi 3,000 na kitu, basi nafasi bado ipo. Kumbe ukishaongeza urefu, uwezo unashuka, na kwa ekstensheni nyingi unashuka kwa nusu. Yaani nimebaki na 2,500, na Jeep nimelijaza masanduku ya vitabu na vyombo. Mliokua mkiona wachota maji na mzegazega mnalijua hili bila hesabu: sogeza bega kidogo tu kutoka katikati, ndoo ya upande mrefu inaanza kukuburuza, na maji hayajaongezeka hata kikombe.

Nikashika barabara kuu ya I-40 kuelekea Albuquerque, kazi inaanza Jumatatu. Upepo wa nyanda zile unasukuma kijumba kama unasukuma mlango. Nilihisi mkia unacheza, nikadhani ni upepo. Tucumcari, New Mexico, nikasimama kuweka mafuta.

Mzee mmoja wa Kizungu, kofia pana, akaja moja kwa moja nyuma ya gari langu, akainama. Mimi mwanamke, mweusi, peke yangu, mji nisioujua. Niseme kweli, mkono ulikuwa kwenye simu. Akalala chali kwenye kokoto na shati lake safi. Alipotoka akaniambia, "Binti, hapa huendi popote."

Akanionyesha. Bomba limelalia chini, tundu la pini limeanza kutanuka. Chuma cha kuvutia hakikuwa sawa na ardhi. Kiungio kilikuwa juu mno kuliko bampa la Jeep, kwa hiyo kila nikikanyaga breki gari la nyuma linasukuma kwa pembe na kulitikisa bomba. Jeep halikuwa na breki zake za kusaidia. Cheni za usalama zilifika kwa shida, zingekatika kwenye kona kali. Alisema yote taratibu, bila kunidharau, kama anayemwonyesha mwanawe.

Jeep likabaki uani kwake. Mkewe akanilisha maharage na mkate wa mahindi, akanifungia mengine ya njiani. Nilipotoa pochi mzee alirudi nyuma hatua nzima. Mimi nimekaa nchi hii miaka 9 nikiwaambia nyumbani kwamba huku jirani hakujui. Niliendesha hadi Albuquerque, karibu kilometa 280, macho yakiwa na maji.

Manesi mnaoniandikia mnataka "maisha ya kusafiri kama wewe": kwanza mkataba wa wakala aliyekuleta huku, mara nyingi miaka 2 au 3, unakaa pale pale. Na posho ya nyumba isiyokatwa kodi ina masharti, lazima uwe na makazi ya kudumu mahali pengine unayoyagharamia. Ulizeni kabla ya kusaini. Wakala naye ana tabia ya yule kijana wa dukani, haulizi unabeba nini.

Kiungio kipya kinachoshika chesesi, chenye matundu mawili, pamoja na ekstensheni yake, kimenitoa karibu dola 1,500. Nimeagiza na breki za Jeep. Ijumaa sina zamu, narudi Tucumcari. Mama alinitumia doti mbili za khanga kutoka Morogoro, sijazifungua bado. Moja ni ya mke wa yule mzee.