Tonge Tatu kwa Kila Mama

Ugali ukiuonja sana, ulimi huchoka. Ndiyo sababu mwalimu wangu wa takwimu alikataa kabisa mama yeyote apewe zaidi ya tonge tatu, siku tulipokwenda kwa chama kimoja cha akina mama karibu na Maseno. Tulikuwa na unga wa aina saba, wa mahindi ya chotara na ya kienyeji, nyamula ya manjano ikiwemo.

Mpango aliuandika kwenye karatasi ya manila: mistari saba ya unga, nguzo saba za waonjaji, moja kwa anayeonja na sufuri kwa asiyeonja. Mama wa kwanza sahani 1, 2 na 4. Wa pili 2, 3 na 5. Wa tatu 3, 4 na 6. Unasogea hivyo hivyo, ukipita 7 unarudi 1. Nilizihesabu kwa kidole nikashangaa. Shika aina mbili zozote: mama mmoja ameonja zote mbili, wawili ya kwanza tu, wawili ya pili tu, wawili hawakugusa yoyote. Ubadilishe jozi upendavyo, hesabu haisongi. Frank Yates, mtaalamu wa takwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alieleza mipango ya namna hii mwaka 1936, kwa ajili ya majaribio ya mbegu. Mwaka 1956 I. M. Chakravarti akaleta wazo pana zaidi, ambalo mimi huliita safu sawia: katika jozi yoyote, moja-moja (ameonja zote mbili) na sufuri-sufuri (hakugusa yoyote) zinaweza kuwa na hesabu tofauti, lakini moja-sufuri na sufuri-moja lazima zilingane. Naliona zuri hadi leo.

“Mwalimu, sahani ni saba, mbona mimi nipewe tatu?” akauliza bibi mmoja, ambaye wote walimwita Dani.

“Dani, ukifika ya saba utakuwa umeisahau ya kwanza. Na kila unayoiacha ina mama watatu wa kuionja.”

Akakubali, shingo upande.

Kisha ikaja habari kwamba mama wa tatu hatafika, mtoto anaumwa. Bila yeye, 3 na 4 hazikutani kwenye mdomo wowote, wala 3 na 6, wala 4 na 6. Mwalimu akaniomba nimwite mama aliyekuwa akiuza sukuma wiki ng'ambo ya barabara.

“Huyo hapendi chochote!” Dani akalalamika.

Kweli, alama zake zilikuwa za chini zote. Hazikudhuru kitu, kwa maana tulichohitaji kwake ni tofauti kati ya tonge na tonge. Jioni tulipunguza wastani wa kila mama kutoka kwenye alama zake mwenyewe, ndipo tukalinganisha unga. Kwa huyo muuza mboga, 6 iliizidi 3 na 4 waziwazi. Kwa jumla pia 6 ndiyo iliyotangulia, nayo ilikuwa nyamula.