Kahawa kwanza, usingizi baadaye

Nilipokuwa polisi, kusinzia mchana kulikuwa kosa la kufikishwa mbele ya afande. Sasa nina miaka 68, nimestaafu, niko zangu Mbale, mashariki mwa Uganda, na kila mtu amekuwa daktari wangu. Jirani mmoja: "Mzee, ukilala mchana utasahau hata majina ya wajukuu." Mwingine: "Lala tu mpaka uchoke, umeshatumikia nchi."

Nikamfuata huyu wa pili. Lo! Nilishiba matoke na mchuzi wa karanga, nikapanda kitandani saa tisa na nusu, neti nimeshusha kabisa. Naamka, nje kuna mwanga ule wa alfajiri. Nikachukua mswaki, nikatoka uani, nikamkuta mama wa jirani anaanua nguo. "Umeamkaje, mama?" Akaniangalia, akauangalia mswaki. "Mzee, ni saa kumi na mbili jioni." Habari zilifika sokoni kabla sijatema povu. Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi.

Kibaya zaidi ni mweso, bao letu la Uganda. Mashimo 32, kete 64, na hesabu zote ni za kichwani. Wiki ile nilifungwa na kila aliyekaa mbele yangu, hata kijana wa boda niliyemfundisha mwenyewe.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alicheka kwanza. Kisha akaniambia ukilala mno ubongo unazama usingizi mzito, ukiamka unabaki kama mlevi. Akanitajia wazee wa eneo la Chicago waliofuatiliwa hadi miaka 14: waliolala zaidi ya saa moja mchana walikuwa na hatari ya kupata Alzheimer's, ule ugonjwa wa kusahau, kubwa zaidi kwa asilimia 40 kuliko wenzao. "Lakini baba, huenda ugonjwa ndio unaoanza kuleta usingizi." Hilo jirani wa kwanza hakunieleza.

Ujanja niliutoa lindoni. Nakunywa kikombe kimoja cha kahawa ya Bugisu, chungu, bila sukari (mfuko mmoja unanifikisha mwisho wa mwezi), halafu hapohapo naegemea kiti cha uani. Kitanda nimekipiga marufuku. Kahawa huchukua kama dakika 20 hivi kushika, basi inanikuta usingizini na kunitoa kama koplo anayegonga mlango. Ikipita saa nane sijaribu tena, usiku utaharibika.

Yule kijana wa boda siku hizi ananiuliza kwanza: "Mzee, leo umelala?" Nikijibu ndiyo, anakumbuka kuwa ana abiria anamsubiri.