Hitisinki ya baridi, prosesa digrii 100: PC yangu ilivyonitesa Tabora

Mwaka jana mwezi wa kumi, na anayeijua Tabora anajua mwezi wa kumi ukoje huku, mvua bado, jua la saa nane linapiga bati mpaka unalisikia linalia ta ta ta, vumbi linaingia hata dirisha ukiwa umefunga, sasa hapo ndo PC yangu ikaamua kunianzia mambo. Naingia gemu la GTA V, dakika tano za kwanza mteremko, fremu (picha kwa sekunde) 60 kama kawaida, afu ghafla gari linaanza kukatakata, sauti inakwaruza, fremu zinashuka mpaka 15, inakaa hivyo sekunde kadhaa inarudi, inashuka tena. Siku nyingine inazima kabisa, pu. Mi nikasingizia umeme. Mdogo wangu akaniangalia tu, "Kaka, mbona taa inawaka?"

PC yenyewe ni ya kuungaunga, prosesa (ubongo wa kompyuta) ni i7-4790, ramu GB 16, kadi ya picha GTX 1650, kesi ya mtumba na feni ya prosesa ni ile ile iliyokuja nayo, ile ya duara iliyokaa juu ya hitisinki, yaani chuma cha kupoza prosesa, yenye pini nne za plastiki za kubonyeza kwenye bodi. Prosesa ya 2014 hiyo ila kwa gemu ninazocheza mi inanitosha sana.

Wiki mbili nzima nilizipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe. Nikapiga Windows upya, bando langu likaishia kwenye kushusha gemu tena. Nikabadili draiva za kadi. Nikashusha grafiksi zote mpaka chini, watu kwenye gemu wakawa kama wamekatwa kwenye boksi, na bado inakwama vile vile, na hapo ningekuwa na akili timamu ningeshtuka maana tatizo lingekuwa kadi basi ukishusha grafiksi lazima upate nafuu hata kidogo.

Kilichonifumbua macho ni HWiNFO64, programu ya bure, unaiwasha inakaa nyuma ya gemu inarekodi kila kitu. Nikacheza dakika kumi nikatoka kuangalia. Kadi 68, haina shida. Prosesa imegonga 100 kamili, na spidi ilikuwa 3.8 gigahezi ikaporomoka mpaka 1.6, na mistari inayoonyesha kama prosesa imejibana kwa ajili ya joto yote inasema ndiyo. Yani kumbe haijafa wala nini, inajilinda. Hii prosesa mwisho wake ni 100, ikifika hapo inajipunguzia spidi ili ipoe, na joto likizidi kupanda inazima mashine yenyewe kabla haijaungua. Ule umeme niliokuwa nausingizia hauna kosa.

Basi nikasema ni vumbi. Nikaibeba kesi nje chini ya mwembe, blowa ya kuazima, brashi ya rangi mpya, nikashikilia feni kwa kidole isizunguke maana ukiipuliza ikazunguka kwa kasi unaweza kuiharibu. Vumbi lililotoka pale ungeweza kufinyangia chungu. Nikarudi ndani nina furaha, nikawasha gemu, dakika ya tisa, digrii 100. Nikafungua ubavu wa kesi nikailetea feni ya mezani, ile kubwa, ikapuliza ndani moja kwa moja. 97. Bi mkubwa akapita akauliza, "We, feni yangu unampulizia nani?"

Sasa hapo ndo nilipoanza kufikiri. Kama shida ingekuwa hewa haizunguki ndani ya kesi, feni ya mezani ingeshusha joto sana, sio digrii tatu. Nikapata wazo la kijinga, nikapeleka mkono taratibu pembeni ya hitisinki, mbali na mapanga ya feni, gemu linaendelea. Baridi. Yani sensa inasema 97 na chuma kilichokaa juu yake kina uvuguvugu wa chai iliyosahaulika. Joto halipandi kwenda juu, limebaki chini kwenye prosesa! Hiki kipimo cha mkono hakina gharama na mi ningekianza siku ya kwanza.

Nikaing'oa hitisinki. Pesti, ile dawa laini inayopakwa kati yake na prosesa ili joto lipite, imekauka, imepasuka kama tope la pembeni ya bwawa la Igombe wakati wa kiangazi. Kutafuta pesti mjini, maduka matatu, hakuna, mmoja akaniletea gundi. Jamaa yangu mmoja wa Ng'ambo akaniambia paka dawa ya meno, mi nikapaka, msinicheke. Ijumaa jioni ikacheza kwenye 91, nikasema huyu jamaa ana akili. Jumapili 100 tena, nikafungua nikakuta imekuwa chaki, na PC nzima inanukia mint. Dawa ya meno ina maji, maji yakikauka imekwisha kazi, usiweke labda uwe unataka jioni moja tu.

Nikaagiza pesti ya MX-4 toka Dar, ikaja na basi. Nikafuta uchafu wote kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa, nikaacha ikauke kabisa, nikaweka pesti kiasi cha punje ya choroko katikati, nikabonyeza pini nne. Nikawasha kwa kujiamini kabisa.

96.

Daah. Nilikaa kitandani nikawaza kuiuza. Afu nikarudi kupeleka mkono tena, safari hii nikazunguka pande zote, upande wa dirishani chuma kina moto wa kutosha, upande wa pili baridi. Ndo nikaelewa imekaa upande, ni sufuria iliyokalia mafiga mawili. Nikalaza kesi, nikafungua ubavu wa nyuma nikaangalia mgongo wa bodi kwa tochi ya simu. Pini tatu unaona kijiti cheusi kimetokeza katikati ya miguu ya plastiki nyeupe. Ya nne hakuna kitu.

Zile pini zina kichwa chenye mshale, ukikizungusha kufuata mshale unafungua, na kabla ya kubonyeza tena lazima ukirudishe pale kilipokuwa, la sivyo inaingia vizuri tu lakini hailoki. Fundi aliyenisafishia mwezi wa sita hakurudisha kile kimoja, na mi kila nilipofungua na kufunga nilikiacha vile vile nilivyokikuta, kwa hiyo lawama tugawane. Nikafuta pesti, nikapaka upya, nikarudisha vichwa vyote, nikabonyeza kwa mshazari, ya juu kushoto na ya chini kulia, afu mbili zilizobaki, kila moja ikalia tak. Nikaangalia mgongoni, vijiti vinne.

GTA lisaa lizima, 76, spidi imesimama 3.8 haitikisiki. Cinebench, programu ya kupima prosesa kwa kuikamua, inaipeleka 86, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga ila haijibani. Kwa feni hii ndogo na bati hili sitegemei zaidi, maana chumba kikipanda digrii moja na prosesa inapanda karibu hiyo hiyo. Mchana wa jua kali naingia kwenye mipangilio ya pawa ya Windows, pale pa kiwango cha juu cha prosesa naweka asilimia 99 badala ya 100, tabo (ile spidi ya ziada prosesa inayojipa yenyewe) inazimika, prosesa inabaki 3.6 na joto linashuka kama digrii nane hivi, na kwenye gemu sioni tofauti kabisa. Usiku narudisha.

Yule fundi nilimpitia kijiweni kwake nikampa stori yote. Akacheka, "Ah, hizo pini zina ujinga wake bana." Afu akaniuliza ile pesti ya Dar imebaki kiasi gani.