Hatimaye GPS inashika mchana, kumbe mchawi ni kontrola ya sola

Wiki mbili nimepigana na GPS tu jamani, ile inayoipa saa mashine yangu ya kupima matetemeko iliyo ndani ya ndoo, tunayoipeleka Natron. Usiku inashika setilaiti tisa kumi freshi kabisa, ikifika saa tatu asubuhi inaanza kuyumba, saa sita mchana hamna kitu, jioni inarudi yenyewe kama vile haijakosea mtu. Nimebadili antena, nimebadili waya, nikasema labda joto nikaisogeza ndoo chini ya mwembe, wapi!

Na bila saa sahihi hapa hakuna kazi. Wimbi la P, lile la kwanza kufika tetemeko likipiga, linakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde kwenye mwamba, ukikosea sekunde 0.1 tu ushalihamisha tetemeko mita 600, sasa utasemaje kama magma, ule uji wa mawe ya moto chini ya ardhi, inasogea kama ile ya Julai 2007 pale mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, ambayo Septemba tu volkano ya jirani, Ol Doinyo Lengai, nayo ikalipuka.

Juzi shangazi kafua, kakosa kamba, kaanika kanga juu ya paneli yangu. Natoka na hasira zangu, nachungulia laptop, imeshika! Saa saba mchana! Natoa kanga, inapotea. Narudisha, inarudi. Nimefanya hivyo kama mara nane hadi shangazi akaniuliza, "Mwanangu, leo umekula kweli?"

Kumbe hizi chaji kontrola za bei chee, vile vidude vya kupitisha umeme wa paneli kwenda kwenye betri, jua likiwaka zinakata na kuunga umeme harakaharaka, zinapiga kelele za umeme zinazoimeza ishara ya setilaiti ambayo yenyewe inafika hoi. Na antena nilikuwa nimeigandisha ndani ya mfuniko, kiganja kimoja tu toka kwenye kontrola. Uvivu wangu. Sasa kontrola na betri wana ndoo yao, antena iko juu ya bomba mita tatu pembeni, na nimeng'oa vile vifundo vyeusi vya ferite, vya kuzima kelele za umeme, kwenye waya za monita mbovu nikavivisha waya wa sola. Siku ya tatu leo haijapotea.

Halafu msidanganyike na maboksi ya bei mbaya, ndoo ya rangi ya lita 20 mfuniko wake unabana vizuri tu, vumbi la magadi la Natron halipiti.

Leo ilikuwa nikate mabomba ya kufichia waya maana fisi wa kule Natron wanatafuna kila kitu, ila nikasema ngoja nifukie jiofoni, kile kihisi cha mtikisiko wa ardhi, uani nione. Shangazi akaanza kutwanga. Kila mchi ukitua kinuni napata kimlima kwenye laptop, naweza hata kujua amechoka saa ngapi, nikamwomba ahamishe kinu nyuma ya choo nipime umbali, akahamisha huku anasonya. Imefika magharibi.

Tunaondoka Jumatatu na sijakata hata bomba moja.