Lanthani floraidi: imetulia, ila usiizoee

Kuna watu wakisikia poda fulani haiyeyuki kwenye maji wanaona basi imeisha hiyo, shika mkono mtupu endelea na kazi. Na kwa lanthani floraidi (LaF3), yaani floraidi ya lanthani, mojawapo ya madini adimu, huwezi kuwalaumu sana, ni unga mweupe hauna harufu, chupa yake ukiinyanyua ni nzito kuliko ulivyodhani, kama gramu 5.9 kwa sentimita moja ya ujazo, na kuiyeyusha kwa moto unahitaji nyuzi karibu 1,490. Imetulia kweli, ila mpaka ikutane na asidi au moto wenye unyevu.

Kazi yake ninayoipenda mimi ni elektrodi ya kupima floraidi kwenye maji. Igeuze uangalie chini, utaona kiduara kidogo kinang'aa kama kioo, hicho ndo LaF3 yenyewe, sio poda tena, ni kristali moja iliyotiwa kidogo yuropiamu, dini adimu jingine. Hiyo yuropiamu inaacha nafasi tupu ndani ya kristali, sasa ioni za floraidi zinarukia hizo nafasi moja baada ya nyingine, kwa hiyo umeme unabebwa na floraidi tu, ioni zingine zinabaki nje zinapiga mlango. Frant na Ross waliitangaza 1966 na bado watu wanaitumia. Floraidi ikipungua mara 10 usomaji unapanda kama milivolti 59, kwa nyuzi 25. Kinachoisumbua ni hidroksidi maana ukubwa wake unakaribiana na floraidi, pH (kipimo cha uasidi) ikipanda sana namba zinakudanganya, na ikishuka sana floraidi inajishika na hidrojeni na elektrodi haiioni kabisa, ndo maana unatia kwanza bafa, yaani mchanganyiko unaoishikilia pH isiyumbe, ya pH 5 na kitu hivi. Ukikumbuka kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita utaelewa kwa nini usahihi hapo sio mapambo.

Kwingine inapakwa kwenye lenzi za miale ya UV, tabaka jembamba mno, na inaingia pia kwenye ZBLAN, kioo cha floraidi kinachotengenezewa nyuzi nyembamba za kupitisha mwanga wa infraredi. Hapa nitoe angalizo kwa wanunuzi: ile "99.99%" kwenye lebo mara nyingi ni usafi dhidi ya madini adimu mengine, haikuambii oksijeni na unyevu vipo kiasi gani, na kwa watu wanaoipaka lenzi ndani ya vakyumu hivyo ndo vinavyoharibu kazi. Omba karatasi ya uchambuzi.

Sasa hatari. Vumbi lake linawasha macho na kifua, hilo ni la kawaida. Kubwa ni asidi kali, hasa salfyuriki, ukiipasha nayo inatoa HF (hidrojeni floraidi), na HF ni balaa jingine, inapenya ngozi inaenda kukamata kalsiamu ya mwili, na ikiwa hafifu unaweza usisikie maumivu mpaka masaa yapite. Kuichoma kwenye hewa yenye unyevu pia inatoa HF, poda inabaki oksifloraidi, yaani umepoteza mali na umejihatarisha kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo pima ndani ya kabati la kuvuta hewa, vaa glavu za nitraili na miwani iliyoziba, na ikimwagika usifagie kavu wala usipulize jamani, futa na kitambaa chenye maji. Kama kazi yako inaichanganya na asidi, jeli ya kalsiamu glukoneti iwe pale pale mezani, sio kwenye stoo iliyofungwa na funguo kaondoka nayo mtu. HF ikikugusa osha na maji mengi, paka jeli, nenda hospitali hata kama hakuna kinachouma. Poda itunze kwenye chombo cha plastiki kilichofungwa, mbali na rafu ya asidi, na mabaki yake yawe na ndoo yao, yasiende kabisa kwenye ndoo ya taka za asidi.