Siku moja maishani mwangu: nesi wa moyo

Saa 12:30 asubuhi. Napokea zamu. Kitanda namba 4 kina mgonjwa mpya: mshtuko wa moyo, mara ya pili.

Saa 2:00. Kliniki. Mzee aliyewekewa stenti miezi minne iliyopita ananiambia kwa fahari kwamba klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, ameiacha, kabaki na aspirini. "Nimepona, mwanangu. Na ile dawa inanitia mavilio ya damu." Hilo neno "nimepona" ndilo linalonitesa kuliko presha na kisukari. Stenti ni wavu mdogo wa chuma ndani ya mshipa. Kabla haujafunikwa na utando, damu inaweza kuganda juu yake na kuziba njia ileile tuliyoizibua. Ndiyo maana hutolewa dawa mbili, kwa kawaida miezi 12, na muda huo hupunguzwa na daktari tu. Halafu nagundua anameza na ibuprofeni kwa ajili ya goti! Nayo humwongezea hatari ya kutokwa damu mtu kama yeye. Namwingiza kwa daktari palepale.

Saa 4:00. Mazoezi. Watu sita juu ya baiskeli zisizokwenda popote, mimi napima mapigo. Mmoja bado anakanyaga kama anayekanyaga mayai.

Saa 5:30. Majibu ya maabara. Lehemu (kolesteroli) mbaya ya kijana mmoja ni 2.9 mmol/L, tunataka ishuke chini ya 1.4. Kumbe statini, dawa ya kuishusha, anameza siku anazokumbuka tu.

Saa 7:10. Sijamaliza kula, naitwa mapokezi ya dharura. Mama mmoja taya linamuuma, ana kichefuchefu, jasho linamtoka. Kifua? Hakimuumi hata kidogo. Mshtuko wa kwanza ulimbana kifua, kwa hiyo tangu alfajiri alikuwa nyumbani akingoja kibanwe tena ndipo aje. Kipimo cha umeme wa moyo hutakiwa ndani ya dakika 10. Tumempima ndani ya dakika sita. Mshipa umeziba. Anakimbizwa chumba cha katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi kwenye moyo; puto linapanua, stenti inakaa, damu inapita. Lakini zile saa alizongoja zimekula misuli ya moyo, na hiyo hairudi. Nimekasirika, si kwake. Nani alimwambia kwamba mshtuko wa pili unaweza kuja na sura nyingine? Pengine hakuna.

Saa 10:00. Kabla ya kutoka nampigia yule mzee.

"Nimemeza zote mbili," anasema. "Goti bado linauma."




"Paracetamoli aliyokuandikia daktari umeinywa?"

Kimya. "Ngoja nivae miwani."